Kumuaga fundi wa karakana ya baiskeli: mwongozo kwa sie wa Tanga

Kwenye karakana ya baiskeli ya jamii mtu akiondoka pengo lake sio kama la ofisini, kwa sababu ofisini kuna faili na kompyuta na bosi anajua walau nusu ya alichokuwa anafanya, ila karakana ya mtaa vitu vingi viko kichwani mwa mtu na kwenye vidole vyake, ringi ipi ya nani, nani analipa mwisho wa mwezi, spana ipi imeshalika haishiki nati. Na hapa Tanga ndo kabisa. Mji tambarare, kila nyumba ina baiskeli, babu anakwenda msikitini na baiskeli, dada na baibui lake anakwenda kazini na baiskeli, muuza samaki katoka soko la Deep Sea na ndoo kaifunga kwenye keria, sa huyo fundi anayeondoka sio mfanyakazi wenu tu, ni mtu wa nusu ya Ngamiani.

Watu wengi wakisikia mwenzao anaondoka wanaanzia kwenye keki. Nani anajua wanapoprinti picha juu ya keki, nani atakuwa emsii, spika tunapata wapi. Mie naona muanzie upande wa pili kabisa, haki zake kwanza, halafu kazi yake, pilau baadaye. Ukimlisha mtu pilau na hela yake ya mwisho haijatoka, hata kama anacheka kwenye picha moyoni anahesabu. Kwa hiyo huu mpangilio wangu uko hivo, msishangae sherehe yenyewe ikija karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Muulize mwenyewe, na iwe faragha

Usitupie kwenye grupu "jamani fundi anatuacha 😭" kabla hujaongea nae. Watu wa pwani wengi safari hawaitangazi mapema, mtu anaondoka keshokutwa na jirani wa ukuta mmoja hajui, na ana sababu zake, macho ya watu, mambo hayajakaa sawa huko anakokwenda, au hataki tu maneno. Mtafute jioni vifaa vikishafungwa, kama ni mtu mzima shikamoo kwanza, halafu muulize taratibu, "Mjomba, sie tungependa tukuage vizuri, wewe mwenyewe unapendaje?" Msikilize na asivyovisema. Kuna mtu atakwambia "aaa msijisumbue" akimaanisha msijisumbue kweli, na kuna mwingine akisema hivohivo anamaanisha mjisumbue tu ila yeye hawezi kuomba. Mkewe au rafiki yake wa kahawa atakwambia ni yupi kati ya hao wawili.

Hapohapo pata mambo matatu: tarehe ya siku yake ya mwisho kazini (sio ya kusafiri, hizo ni mbili tofauti), kama habari inaweza kuwafikia wateja, na kama kuna mtu au jambo asilolitaka siku hiyo. Hilo la tatu watu wanaona aibu kuuliza. Uliza tu, kuliko siku yenyewe mnampa maiki mtu ambaye hawasalimiani tangu mwaka juzi.

Hatua ya 2: Haki zake na madeni, pande zote mbili

Karakana za jamii zina watu wa aina mbili, wa kulipwa na wa kujitolea, na wengine wako katikati hawajui hata wenyewe wako wapi. Huyu wa kulipwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu hata kama karakana yenu ni vijana sita na banda la mabati. Kama analipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, na hiyo ni kwa pande zote, yeye akiacha au nyie mkimuachisha. Siku za likizo alizozichuma hajazichukua zinalipwa. Kiinua mgongo kile cha kisheria, siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia mpaka miaka 10, kinakuja pale mwajiri ndo kamaliza ajira, na mtu awe ametimiza angalau mwaka mmoja mfululizo, kwa hiyo kama kaacha mwenyewe msigombane nacho ila mkitaka kumpa kitu cha kumshukuru hakuna anaewazuia. Na kuna cheti cha utumishi, hiki ndo kinasahaulika kila siku, karatasi moja tu yenye tarehe alizofanya kazi na kazi aliyokuwa anafanya, muhuri, sahihi. Ni haki yake. Mtu anakwenda Dar kutafuta kazi kwenye duka la baiskeli, hiyo karatasi itamfungulia mlango kuliko picha ya keki. Kama mlikuwa mnakatwa NSSF hakikisheni michango imeingia mpaka mwezi wa mwisho, aangalie mwenyewe taarifa yake kabla hajasafiri.

Wa kujitolea hana mshahara lakini cheti muandikieni vilevile, na muwe wazi, andikeni alikuwa anafanya nini hasa. "Alisaidia shughuli mbalimbali" haimsaidii mtu. Andika alifundisha vijana kunyoosha ringi, kubadilisha gololi za habu (kile kitovu cha ringi), kuziba pancha, kutunza stoo ya vipuri.

Halafu madeni. Hapa msione haya. Kuna tairi alichukua kwa makubaliano ya kukatwa polepole, kuna hela yake aliweka ya kununulia solusheni (gundi ya viraka) hamjamrudishia, na kuna mchezo. Kama wafanyakazi mna upatu basi ukaeni chini mapema: kama alishapokea na bado ana zamu za kutoa, atatoa kwa simu kila mwezi au atamaliza zote kabla hajaondoka, na kama hajapokea, mnamuwahisha au mnamrudishia alichoweka. Muandike na muweke sahihi, wawepo watu wawili wa nje ya ugomvi. Nimeona urafiki wa miaka unakufa kwa sababu ya upatu wa elfu kumi.

Vifaa pia. Kila fundi ana spana zake alizokuja nazo na baada ya muda zimechanganyika na za karakana. Zitandikeni zote juu ya mkeka, yeye achague zake mbele ya mtunza stoo, yaishe.

Hatua ya 3: Chukueni kilichoko kichwani mwake

Hapa ndo penyewe na hapa nitakaa. Kumuaga fundi vizuri ni kumuonesha kwamba alichokuwa anakijua kina thamani kiasi kwamba hamko tayari kiondoke nae, na hilo halisemwi kwa risala, linafanyika kwa daftari na simu ya kurekodi wiki mbili tatu kabla.

Mpangieni mtu mmoja wa kukaa nae, mmoja tu, wawili wanaanza kupiga stori. Awe kijana atakaebaki, sio katibu. Daftari lenyewe ligawanywe hivi.

Wateja. Sio majina na namba tu, kila fundi mzuri ana vitu anavijua kuhusu baiskeli za watu. Yule mama wa samaki keria yake imeongezewa nondo chini, kwa hiyo ringi ya nyuma inabeba mzigo kuliko ilivyotengenezwa na spoku zake zinakaguliwa kila wiki. Yule mwalimu mguu mmoja mfupi, pedali yake imewekewa kipande cha mbao, usikitoe ukadhani uchafu. Yule dogo wa bodaboda ya baiskeli analipa Jumamosi, ukimdai Jumatano unamuonea bure. Vitu hivi havimo kwenye risiti yoyote.

Kazi zilizoko njiani. Kila baiskeli iliyolala karakana ifungiwe kikaratasi, ya nani, inasubiri nini, kalipa kiasi gani. Fundi akiondoka na baiskeli saba hazina maelezo nyie ndo mtakaotukanwa, sio yeye.

Vipuri vinatoka wapi. Nani ana spoku za ringi 28 za kweli, maana zile baiskeli za kizamani kama Raleigh na Phoenix mbele ni spoku 32 nyuma 40, na ukikosa ringi ya matundu 40 utazunguka mji mzima. Nani anauza cheni inayodumu na nani anauza ile inayovutika ndani ya mwezi. Baiskeli za mtumba zikija, fundi wenu anaangalia nini kwanza kabla hajakubali bei: fremu imepasuka kwenye maungio? foku imepinda? siti imegandia kwa kutu mpaka haitoki? Andika.

Na mikono yenyewe. Hii sio ya kuandika, ni ya kurekodi. Simu ikae kwenye kimo cha mikono yake, sio usoni, sauti isikike, feni izimwe. Mrekodi akinyoosha ringi: anavyoizungusha na kuweka kidole karibu na breki kuona inagusa wapi, ikiyumba kwenda kushoto anakaza spoku za kulia na kulegeza za kushoto pale pale inapoyumba, robo mzungusho, haendi zaidi, anazungusha tena anaangalia. Kijana mpya anakaza mzungusho mzima ringi inakuwa yai. Mrekodi anavyotoa kotapini ya zamani (ile pini inayobana krenki) bila kuikunja, anavyoegemeza chuma upande wa pili ndo anagonga. Mrekodi akisema, kwa maneno yake, kwamba pedali ya kushoto inafunguka kinyume, kwa kufuata mshale wa saa, sababu hili kila anayeanza linamshinda na wengine wanaharibu nyuzi za krenki kabisa. Mrekodi anavyopima cheni kwa rula, inchi 12 toka pini mpaka pini, ikizidi kwa 1/16 ya inchi anabadilisha, ikifika 1/8 anajua na friwili (yale meno ya nyuma) imeshakwenda na maji. Na griisi, hapa kwetu chumvi ya bahari inakula gololi haraka, kila fundi ana mpango wake wa lini afungue habu, muulize wake.

Video fupi fupi, dakika tatu nne, kila moja kazi moja. Video ya dakika arobaini hakuna atakaeiangalia.

Baada ya hapo badilisheni viti. Siku zake za mwisho yeye akae, mikono mfukoni, kijana afanye. Ni ngumu kwake! Utamuona mkono unatoka mfukoni wenyewe unaifuata spana. Mkumbusheni kwa utani, mleteeni kahawa imshughulishe. Na kijana akikosea aachwe mpaka aone mwenyewe, isipokuwa breki, breki hapana, breki ikiwa mbovu Mjomba aingilie papo hapo.

Mie naamini kabisa hizi siku ndo kuaga kwenyewe. Mtu anaona kwa macho yake kwamba kazi inaendelea na inaendelea kwa namna yake.

Hatua ya 4: Kamati ndogo na michango

Watu watatu. Mwenyekiti hana kazi kwa hiyo msiwe nae: mmoja wa hela, mmoja wa chakula, mmoja wa zawadi. Mchango usiwe na kiwango, karakana ya jamii ina watu wa elfu hamsini na watu wa buku, na wa buku akiandikwa chini ya wa hamsini kwenye ile listi ya WhatsApp yenye tiki za kijani anajisikia vibaya, kwa hiyo listi iweke majina na tiki tu, kiasi abaki nacho mhazini kwenye daftari na mwisho atoe jumla. Hela iingie namba moja ya simu yenye jina linalojulikana. Wateja waambiwe lakini wasidaiwe. Na anaeagwa atolewe kwenye hilo grupu la michango, ndio, kuna watu hufanya michango mwenyewe akiwa ndani anasoma.

Hatua ya 5: Zawadi

Saa ya ukutani yenye picha yake, hapana. Ngao ya kioo, hapana. Mpeni fundi kitu atakachokishika.

Kama anakwenda kufungua kibanda chake huko aendako, mtoeni na vifaa: pampu ya kusimama yenye kipimo cha upepo, ufunguo wa spoku, seti ya spana, kifaa cha kukatia cheni, boksi la viraka na solusheni. Ulizeni mapema anacho nini asije kuwa na vitatu. Kama ni mwanamke, doti ya kanga inafaa sana juu ya hivyo vifaa, sio badala ya vifaa, na msome jina la kanga kabla hamjalipa, kuna kanga rangi zake zinavutia lakini maneno yake ni mafumbo ya kumsema mtu, mkampa mkadhani mmempa heri kumbe mmemtukana mbele ya mashangazi zake. Mwanaume kikoi kizuri na kofia, hapo hamkosei. Kama anaeondoka ni mgeni wa kujitolea kutoka Ujerumani au wapi huko, msimpe makombe ya bahari wala chochote cha gamba la kasa, uwanja wa ndege atapata shida. Mpeni kitambaa, mpeni kahawa, mpeni viungo vya pilau.

Ila zawadi kubwa kuliko zote ni baiskeli mliyoijenga wenyewe. Ikiwa mna muda na vipuri, fanyeni hii. Chagueni fremu ambayo mlishamuona anaitolea macho kwenye lile rundo la nyuma, kila fundi ana moja anaisogeza pembeni akisema "hii msiuze kwanza". Hakikisheni kimo chake, yaani akikaa siti mguu ukifika chini kwenye pedali goti linabaki limekunjika kidogo tu. Mjenge nje ya karakana, nyumbani kwa mmoja wenu, sababu ndani ya karakana atanusa rangi. Kila mmoja afanye sehemu yake: mmoja ringi, mmoja habu na ekseli, mmoja breki, wanafunzi wakwangue kutu na kupaka rangi. Rangi ikauke vizuri, hewa yetu ina unyevu, msifunge madigadi rangi ikiwa bado inashika kidole.

Na jiandaeni. Mtakapomkabidhi hatasema asante kwanza. Atainyanyua nyuma, atazungusha pedali, atasikiliza, atabinya breki, atagonga spoku moja moja kwa kucha. Atawaambia spoku ipi imelegea. Mwacheni aikaze, piga picha hapo, hiyo picha ni nzuri kuliko ile ya kukata keki.

Hatua ya 6: Siku, saa na njia

Ijumaa mchana msijaribu. Jumamosi baada ya alasiri ndo wakati wetu, jua limepungua, wenye maduka wanaweza kuchomoka. Mwezi wa Ramadhani fanyeni futari, inapendeza pia, na msafara wa baiskeli muuache. Masika, Machi mpaka Mei, muwe na paa la uhakika.

Msafara ndo kitu ambacho karakana ya baiskeli inacho na ofisi hazina, kwa hiyo mkiweza mfanye. Tokeni Ngamiani, mkivuka reli shukeni mkokote, ingieni mjini, piteni Forodhani halafu mfuate bahari, Bombo, mpaka Raskazone. Tambarare, upepo, watoto wanaweza. Barabara kubwa ya kwenda Dar epukeni, malori hayana habari na sherehe yenu. Anaeagwa atangulie lakini asiende kasi, nyuma kabisa akae mtu mzima mwenye pampu, viraka na tyubu, na yeye ndo anahesabu watu. Bajaji moja ifuate kwa ajili ya wazee na mizigo. Mpitishe njia zenye wateja wake, waambieni mapema wasimame barazani, wapunge mkono, wapige kengele. Kuna wazee hawawezi kuja kwenye shughuli lakini kusimama mlangoni wanaweza, na fundi akipita akashuka akawashika mkono inatosha.

Polisi wa mtaa na serikali ya mtaa waambiwe kama watu ni wengi.

Hatua ya 7: Chakula

Pilau, kachumbari, mishkaki, mkate wa kumimina, chai ya tangawizi, juisi ya ukwaju. Machungwa ya Muheza kama ni msimu. Nani anapika mnajua wenyewe, kila mtaa una mama yake wa sufuria kubwa, mpeni hela mapema na idadi ya ukweli. Wanafunzi wa karakana wale kwanza, sio mwisho. Keki kama mnaitaka sana haya, ndogo.

Hatua ya 8: Maneno, radhi na dua

Emsii atasema "Tanga, waja leo waondoka leo". Atasema tu, hata mkimkataza. Mwacheni aseme mara moja.

Wazungumzaji wawe wachache: mmoja wa karakana, mmoja wa wateja, mmoja wa wanafunzi, mwenyewe. Anaezungumza aseme kitu kimoja alichokiona kwa macho. "Alikuwa mchapakazi, mcheshi, mpenda watu" inafaa kwa mtu yeyote na kwa hiyo haimfai mtu. Mfano wa risala ya mwanafunzi ninayoipenda mie ingekuwa hivi:

"Mjomba shikamoo. Mie nilikuja hapa kuziba pancha moja ukanipa kiraka ukasema ziba mwenyewe. Nilikasirika. Nilirudi kesho yake imetoka upepo, ukanipa kiraka kingine, ukaniambia jana hukukwangua. Sasa hivi nakwangua. Asante Mjomba."

Dakika moja, imeisha, watu wamecheka na mmoja kafuta macho. Kurasa mbili zenye "mgeni rasmi, waheshimiwa" zinamfanya mwenyewe aangalie saa.

Mkimaliza kusifu, nafasi ya radhi. Hii msiiruke. Watu mliokaa banda moja kwenye joto mmekwaruzana, kuna siku ulimjibu vibaya, kuna siku alikuficha spana. Mkubwa wa karakana aanze: "Mjomba, kwa niaba ya wote, tulipokukosea kwa kujua na kwa kutojua tunaomba radhi." Nae atajibu, na atawaomba nae. Msitaje makosa yenyewe, hapo sio mahakamani. Aliye na jambo zito amfuate pembeni kabla ya siku hiyo wayamalize wawili, akilileta mbele ya watu analazimisha mwenzie asamehe kwa sababu ya macho.

Kisha dua. Mpeni mzee anaejua kuisoma fupi, Fatiha, safari njema, riziki ya halali. Kama kuna Wakristo, na wapo, mwenzao nae aombe, dakika ileile. Mwenye safari akiwa dini nyingine na mkubwa wa shughuli basi yake itangulie, ni adabu tu.

Funguo za karakana azikabidhi hapo, mbele za watu, kwa yule kijana wa daftari. Watu wanatakiwa wauone huo mkono unapokea, maana kesho wateja watauliza "sa sie tunaenda kwa nani?"

Hatua ya 9: Kumsindikiza na baada ya hapo

Kama anasafiri kwa basi na baiskeli yake mpya, muiandae usiku. Toeni tairi la mbele mulifunge ubavuni mwa fremu kwa vipande vya tyubu ya zamani, zungusheni usukani ulale sambamba na fremu, toeni pedali (mnakumbuka ya kushoto), punguzeni upepo kidogo, zungushieni maboksi kwenye friwili na gia isichafue mizigo ya watu. Nati za ekseli kwenye kimfuko cha kitambaa kifungwe kwenye fremu, sio mfukoni mwake atakisahau. Fikeni stendi ya Kange mapema, ongeeni na konda bei ya mzigo kabla haujapakiwa na mdai risiti ya mzigo yenye namba ya basi. Wawili watatu wanatosha kumsindikiza, sio karakana nzima, stendi asubuhi kuna fujo zake.

Grupu la kazi, lile la zamu na vipuri, mtoeni kwa heshima mkimwambia kwanza, au tengenezeni lingine la marafiki abaki humo. Kumuacha kwenye grupu la kazi ni kumuamsha saa kumi na mbili asubuhi Dar na swali la tyubu za 26 ziko kabati gani. Angalieni daftari.

Mpigieni lakini, wiki ya pili hivi, apige yule kijana. Salamu ziwe ndefu, za mama, za watoto, za huko hali ya hewa, na swali la kazi liwe moja na liwe la kweli. Mwambie ukweli kama ringi ya mama wa samaki imevunja spoku tena. Atauliza upande gani. Mwambie.

Na ile namba yake ya simu iliyoandikwa kwa rangi nyekundu ukutani, "FUNDI PIGA HAPA", ipakeni chokaa muandike ya karakana.